Kabla ya orodha ya modeli 200, tutumie mlango mmoja

Ujumbe mwingi unaotufikia kutoka studio za gemu huanza na swali lile lile: modeli moja ya 3D mnatengeneza kwa bei gani? Nasi tunajibu kwa maswali matano. Hapo baadhi ya wateja huhisi tunawazungusha ili tupandishe bei. Basi niwaeleze kwa mfano wa mlango.

Mlango wa mbao wa kawaida tu, wenye misumari na kitasa. Kwa kuangalia picha, ni kazi ndogo. Lakini je, unafunguka? Kama unafunguka, mhimili wake wa kuzungukia lazima ukae kwenye bawaba. Tuliwahi kutuma milango ya jengo zima ikiwa na mhimili katikati ya ubao. Ilikuwa mizuri kweli, na mteja aliisifu. Kisha akaitia kwenye gemu, akabonyeza kitufe cha kufungua, na kila mlango ukazunguka kama feni, nusu yake ikazama ukutani. Hakuwa ametuambia kuwa inafunguka, lakini kuuliza ilikuwa juu yetu. Tuliirudia yote bila malipo.

Tunauliza pia injini ya gemu, yaani programu ambayo gemu inajengwa na kuendeshwa ndani yake, kama Unity au Unreal Engine. Katika Unity, kipimo kimoja ni mita. Katika Unreal Engine, ni sentimita. Mlango wa mita mbili ukihamishwa bila kurekebisha hesabu unakuwa na kimo cha sentimita mbili, hata panya ataupita kwa juu. Unity huhesabu juu kwa mhimili wa Y, Unreal kwa Z, kwa hiyo unaweza kuukuta mlango umelala chali. Hayo walau yanaonekana papo hapo. Kinachotusumbua zaidi ni ile picha maalumu inayolidanganya jicho lione mabonde na matuta mahali ambapo uso ni bapa. Injini hizo mbili huisoma chaneli yake ya kijani, yaani sehemu ya picha hiyo inayobeba rangi ya kijani, kinyume. Ukikosea, vichwa vya misumari vinaonekana kama vishimo, na mtu anaweza kuutazama mlango wiki nzima akijua kuna kitu hakiko sawa asijue ni nini.

Halafu uzito. Mchezaji atausogelea mlango kiasi gani? Picha inayovikwa juu ya mlango ili upate rangi na sura ya mbao, ikiwa ya pikseli 2048 kwa 2048, kabla ya kubanwa, hula takriban MB 16 za kumbukumbu. Ya 4096 kwa 4096 hula MB 64, yaani mara nne, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Kwa gemu ya simu, mlango ulio mwisho wa korido hauhitaji hata hiyo ya kwanza. Wateja huomba ubora wa juu kabisa kwa kila kitu, na ni kweli tungeweza kuwatoza kwa huo. Tatizo ni kwamba baadaye gemu inakwamakwama na lawama inarudi kwetu.

Ndiyo maana kabla ya mkataba mkubwa tunaomba kitu kimoja cha majaribio, na tunalipwa kwa hicho. Tunakitengeneza mpaka mwisho, mnakitia kwenye gemu yenu, mnakikosoa. Kuanzia hapo bei ya vitu 200 vilivyobaki inatoka kwenye kazi iliyokwisha kufanyika, hatukisii tena. Jambo moja tunalolisisitiza ni kwamba maoni yatoke kwa mtu mmoja upande wenu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: mmoja akitaka mbao iliyochakaa na mwenzake akaitaka mpya, tutapaka rangi mara tatu na ninyi ndio mtakaolipia.

Kwa upande wa programu, kama kuhamisha gemu kutoka kompyuta kwenda simu, hatutaji bei kabla ya kuufungua mradi wenyewe. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazochorwa kwenye skrini kila sekunde, ina milisekunde 16.7 hivi za kumaliza kila kitu katika fremu moja. Lazima kwanza tupime muda huo unaliwa wapi. Anayekupa bei bila kuangalia amekisia, au ameongeza juu ya bei akiba ya kujikinga.

Usiri na haki viwe kwenye maandishi tangu siku ya kwanza. Kwetu, malipo yakikamilika, kazi ni yenu pamoja na faili za asili, yaani zile tulizofanyia kazi na zinazoweza kuhaririwa, si zile za mwisho tu. Studio yoyote mtakayoichagua, ulizeni hilo la faili za asili mapema, kwa sababu bila hizo hata kubadilisha kitasa mtalazimika kuwarudia wao.

Kwa hiyo mkituandikia, tuambieni injini na toleo lake, kifaa ambacho gemu itachezwa, picha mbili tatu za mtindo mnaoutaka, na kitu kimoja cha kuanzia. Tukiwarudishia, kifungueni na kukifunga ndani ya gemu kabla ya kusema ni kizuri.