Asante nesi wa zamu ya usiku
Dada nesi sikukuuliza hata jina, ila asante sana aisee. Nilijikata na wembe uliotumiwa na mtu mwingine, kidonda chenyewe hata plasta hakistahili, lakini kichwani nilishajizika kabisa. Hukunicheka, ukanambia nioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, nisikamue, ukauliza yamepita masaa mangapi maana dawa za PEP, zile za kuzuia usipate virusi vya UKIMWI, lazima zianze ndani ya saa 72 na unameza siku 28, halafu ukanikumbusha homa ya ini B ambayo mi wala sikuiwaza, kumbe kirusi chake kinaweza kukaa hai nje ya mwili hata siku 7, na chanjo ipo! Usiku ule nililala. Ubarikiwe dada.