Barua kwa mwanangu aliyepangiwa zahanati ya kijijini

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Katika barua yako umesema kwamba mateja, yaani waraibu wa dawa za kulevya, ni shida ya mjini na kwamba kijiji chako ni kidogo mno kwa mambo hayo. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe.

Austin, katika jimbo la Indiana huko Marekani, ni mji mdogo uliokuwa na wakazi wapatao 4,200 tu, lakini mlipuko wa maambukizi ulioanzia hapo uliwakumba watu 181 waliokutwa na VVU kati ya Novemba 2014 na Novemba 2015. Wengi wao hawakuwa wakijidunga unga wa heroini tuliouzoea sisi, bali vidonge vya oksimofoni vya kutuliza maumivu, walivyovisaga, kuviyeyusha na kujidunga mara kadhaa kwa siku, bomba moja la sindano likizunguka kati ya marafiki na ndugu wa nyumba moja. Udogo wa mahali, ulioudhani kuwa kinga, ndio uliokaza mzunguko huo. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa pia na homa ya ini aina ya C, dalili kwamba sindano zilikuwa zimekwisha kuchangiwa sana. Sheria ya jimbo haikuruhusu kugawa sindano safi, hadi Gavana Mike Pence alipotangaza dharura mwezi Machi 2015.

Hapa Dar tulijifunza kwa njia yetu. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ambayo mtu aliinywa kila siku mbele ya mhudumu, ikamwondolea arosto, yaani mateso ya kukosa unga, na sababu ya kujidunga. Ila dawa ya kila siku humtaka mgonjwa awe karibu na kituo, na huko kwenu basi hupita likitaka. Kwangu mimi, nauli ni sehemu ya tiba, waseme watakavyo wengine, hawanishawishi.

Kwa hiyo usimfukuze kijana mwenye makovu mikononi, wala usimpime mbele ya mhudumu ambaye ni shangazi yake, kwa maana kijijini siri ikivuja mara moja hakuna mwingine atakayekuja. Mwombe mganga mkuu wa wilaya vitendanishi vya kupimia VVU na homa ya ini, pamoja na masanduku ya kutupia sindano. Nawe ukichomwa na sindano iliyotumika, anza dawa za kinga siku hiyohiyo. Zikipita saa 72, umechelewa.

Wasalaam,
Baba yako