Bima ya afya: malalamiko ya barazani yafike mkutanoni

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Hapa Tanga bima inajadiliwa kila jioni kwenye baraza za kahawa: mwenye kadi kaandikiwa dawa kisha kaambiwa akanunue duka la nje, au kaya iliyolipa Sh30,000 za CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, haijui inastahili kutibiwa wapi. Hoja ni nzito na zina haki. Lakini ukiitishwa mkutano wa mtaa, wanafika wazee wachache na kina mama wawili watatu, viti vingine vinarudishwa stoo bila kukaliwa. Wanaume wapo ng'ambo ya barabara, wanamalizia bao.

Siwalaumu sana. Mara nyingi tangazo hubandikwa ofisini tu, na mkutano huwekwa saa nne asubuhi watu wakiwa makazini. Hata hivyo, zahanati na vituo vya afya vya umma vina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na wangapi kati yetu tunawajua kwa sura?

Napendekeza viongozi wa mitaa waitishe mikutano baada ya Alasiri, watangaze misikitini na makanisani, na wajumbe wa kamati hizo wasome hadharani orodha ya dawa zilizokosekana. Nasi tuliozoea kulalamika tuhudhurie, tuulize, na tudai majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga