Wifi yangu, rudi umalize sindano

Wifi yangu mpenzi,

Umeniridhia niandike bila jina wala kijiji, kwa kuwa huko Pate hukosi mwenzio aliyeambiwa maneno haya haya kliniki akanyamaza.

Kipimo cha kliniki ya wajawazito kimeonyesha kaswende. Huna kidonda, huumwi popote, ndiyo maana umeona sindano moja yatosha. Haitoshi. Ugonjwa ambao haujulikani umekaa mwilini tangu lini hutibiwa kwa sindano tatu za penisilini, moja kila wiki. Ukichelewesha sana, huenda ukaanzishwa upya.

Najua inauma. Nilimwona muuguzi akichanganya ule unga na maji, ukawa mzito mweupe kama maziwa, akaisukuma polepole, nusu tako hili, nusu lile. Ulichechemea mpaka gatini. Usiku homa na baridi vikakushika, ukaapa kuwa dawa imekukataa. Haikukukataa, wifi. Vijidudu vikifa kwa wingi mwili huchemka, na kwa kawaida hupita ndani ya siku moja. Ila tumbo likikaza kama uchungu, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali.

Na vidonge vya duka la dawa, achana navyo kabisa. Doksisaiklini haifai kwa mimba, na erithromaisini haimfikii mtoto ya kutosha. Penisilini ndiyo inayovuka kondo la nyuma ikamtibu na yeye. Kama iliwahi kukuvimbisha au kukubana pumzi, sema kabla hujachomwa. Kuna njia ya kukuzoesha nayo hospitalini, chini ya uangalizi.

Mtoto asiyetibiwa huweza kufia tumboni, kuzaliwa njiti, au kuzaliwa na ugonjwa ndani ya mifupa yake. Mimi nautaka huyu mtoto, nakwambia wazi. Dozi ikamilike angalau mwezi mmoja kabla hujajifungua, nawe miezi imesonga.

Kaka yangu nimeshasema naye. Atapimwa na atachomwa, la sivyo atakuambukiza tena, na mpaka mmalize nyote wawili msikutane. Nani alianza kuupata, msiulizane sasa. Ugomvi huo ndio unaowafanya wanawake wengi wafiche kadi.

Zahanati ya kwenu ikiwa haina dawa, njoo huku Amu, mjini Lamu. Muulize nahodha saa ya maji kujaa, maana yakipwa mashua haipiti. Nauli nitaituma kwa M-Pesa leo usiku. Beba kitabu cha kliniki, kila sindano iandikwe tarehe, ili mkunga ajue na mtoto naye apimwe akizaliwa.

Wifi yako