Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi, Mlimba, Wilaya ya Kilombero

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi wetu,
Wageni waalikwa, na wadogo zetu tunaowaacha,

Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kufunga safari hadi huku bondeni. Tulipoambiwa kwamba mgeni rasmi wa mahafali yetu ni mhandisi aliyetumikia ujenzi na matengenezo ya miundombinu ya umma maisha yake yote, tulikubaliana kwamba risala hii isianze na orodha ya mahitaji. Mahitaji tunayo, na tutayafikia. Kwanza tunaomba utusikilize kuhusu reli.

Wengi wetu tumelelewa na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kuna mwenzetu ambaye ada ya shule ya msingi ya kaka zake ilitoka kwenye mchele aliouza mama yao stesheni, debe kwa debe. Bibi zetu wanasimulia habari za treni ya kipisi, iliyokuwa ikisimama kila stesheni ndogo kati ya Kidatu na Makambako, na akina mama wakipanda na mikungu ya ndizi, kuku na magunia. Masika yakikolea na barabara ikageuka tope, reli ndiyo iliyokuwa njia.

Katika somo la historia tulijifunza ilikotoka. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini, ikajikuta imebanwa. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli ya kuelekea Dar es Salaam haitalipa. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda hawakukubali jibu hilo. Septemba 1967 mkataba ulitiwa saini na China, nchi ambayo wakati ule nayo ilikuwa maskini, ikatoa mkopo usio na riba wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na Julai 1976 reli yote ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe unajua kuliko sisi ugumu wa kipande kinachoanzia hapa kwetu. Mlimba iko chini kwenye joto na mpunga, na Makambako iko kwenye baridi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kati ya hapo ni miteremko, mito na miamba. Reli hii ina madaraja yapatayo 300 na mahandaki zaidi ya 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwenye mpando huu. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika ujenzi, na baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto. Wapo pia Watanzania na Wazambia waliokufa, na tunaona uchungu kwamba majina yao hatukufundishwa.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotusumbua. Reli hii ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Mwalimu alipoandika namba hizo mbili ubaoni, darasa lilinyamaza. Tulijua sababu ni nyingi. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, njia za kusini zikafunguka tena, na malori nayo yakaongezeka barabarani. Lakini hata mzigo uliobaki ulihitaji injini zinazotembea, mabehewa mazima na njia isiyochakaa. Vitu hivyo haviendi kwa furaha ya siku ya ufunguzi. Vinataka fedha kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna wa kupigwa picha.

Tunafurahi kwamba Septemba 2024 nchi zetu mbili na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli hii. Tunaiombea heri kazi hiyo kwa moyo wote, maana wengine wetu tunatamani kuifanya. Ombi letu ni kwamba hesabu ya kuitunza iwekwe tangu siku ya kwanza. Vivyo hivyo kwa reli ya kisasa ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Leo inang'aa. Wajukuu wetu wataikuta na umri ambao TAZARA inao sasa.

Tunaomba pia useme neno kuhusu maji yetu. Mto Kihansi unashuka kutoka Udzungwa, unazungusha mitambo ya megawati 180, kisha unaingia Mto Kilombero. Kilombero unakwenda kuwa Rufiji, na Rufiji inajaza bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Yaani maji ya mlima wetu yanazalisha umeme mara mbili kabla ya kufika baharini. Tukikata miti ya vyanzo na kulima hadi ukingoni mwa mto, tunabomoa mtambo wa mabilioni kwa jembe. Klabu yetu ya mazingira imepanda miti kando ya kijito kinachopita chini ya shule, na miche mingi imeshika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya yote tuliyaelewa kwa sababu ya gata.

Bweni la wasichana lilipojengwa lilikuwa zuri, na wazazi walichangia mchanga na mawe. Tukiwa kidato cha pili, kipande cha gata kilidondoka. Ilikuwa kazi ya fundi mmoja, asubuhi moja. Ikasemwa fungu la ukarabati hakuna, fedha zilizopo ni za majengo mapya. Maji ya masika mawili yakamwagika kwenye msingi, ukuta ukafungua ufa, na sasa wasichana 24 wamehamishiwa kwenye darasa linalotumika kama bweni. Methali ya ufa na ukuta tuliwahi kuifafanua kwenye mtihani wa Kiswahili. Tulipata alama zote.

Barabara za nchi hii zina mfuko wake, unaotokana na tozo ya mafuta, na kazi yake kubwa ni matengenezo. Tunaona huo ni utaratibu wa busara kuliko hotuba nyingi. Kwa hiyo maombi yetu ni haya. Utusemee, huko unakosikilizwa, majengo ya shule nayo yawe na fungu la ukarabati lisiloguswa kwa kazi nyingine. Utusaidie kupata fundi wa kuupima ukuta ule atuambie ukweli, kama unazibika au unabomolewa. Na ukipata nafasi, urudi uwafundishe wadogo zetu namna ya kukagua jengo, ili klabu yetu iandike kila muhula kilichovunjika na tarehe kilipovunjika. Daftari tumeshanunua. Ukurasa wa kwanza una neno moja: gata.

Tunawashukuru walimu wetu, waliotufundisha hata siku ambazo mvua ilifunika sauti zao juu ya bati. Tunawashukuru wazazi kwa kila debe la mchele.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu wa kidato cha nne.