Mimi ndio mweka hazina lakini moyo haunitumi kuchangia Durban

Dada habari za kazi, naomba unishauri na wasomaji wengine pia mnisaidie maana hili jambo leo siku ya nne silali vizuri.

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Morogoro, nilikaa Bondeni, yaani Afrika Kusini, miaka sita nikiwa kinyozi kule Isipingo, Durban. Aprili 2015 zilivyoanza zile fujo za kufukuza wageni walikuja wakavunja saluni yangu mchana kweupe, mashine za kunyolea, viti, jenereta, vyote vikaondoka, na kinachoniuma mpaka leo sio hata vitu, nilimuona kwa macho yangu mteja wangu wa kila Jumamosi, niliyekuwa namnyoa kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi, kabeba kioo changu kichwani anavuka nacho barabara wala hakugeuka. Tukaishia kwenye mahema Chatsworth sisi na Wamalawi na Wakongo, nikarudi nyumbani na begi moja la mgongoni. Jasho la miaka sita hilo.

Sasa mwezi huu wa Aprili 2022 mmesikia mafuriko ya Durban, mvua ya tarehe 11 na 12 imeua watu zaidi ya 400, vibanda vya kando ya mito vimezolewa, Isipingo na Umlazi maji yameingia mpaka vyumbani. Tuna grupu letu la WhatsApp la tuliowahi kuishi kule, wengine bado wapo hukohuko, wakakubaliana tuchange yanunuliwe mablanketi na unga, apewe yeyote aliyepatwa bila kuuliza ni raia au mgeni. Mweka hazina ni mimi. Hela zinaingia kwenye simu yangu, zimefika laki nane na ushee, na mimi mwenyewe sijaweka hata mia. Mbaya zaidi hata hizo za wenzangu sijazituma, kila nikishika simu namuona yule jamaa na kioo, nawaza pengine naye yupo kwenye foleni ya blanketi.

Mama yangu ndio kanichanganya kabisa. Alikuwa mpishi Mazimbu, hapa Morogoro, kwenye ile shule ya wakimbizi wa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, shule ya Solomon Mahlangu, kawapikia watoto wa Sauzi mpaka wanakabidhi majengo mwaka 1992. Nikamwambia mama, nchi hii iliwapa ardhi, tukawalisha, makaburi ya ndugu zao yapo hapahapa Mazimbu mpaka leo, halafu sisi tukienda kwao tunaitwa makwerekwere, jina lao la kuwadharau wageni Waafrika, wanatudai nini tena? Akasema tu, "Wale niliowapikia mimi sio waliovunja saluni yako," akaendelea kuchambua mchele wake. Sikuwa na la kumjibu.

Dada, hela za wenzangu kesho asubuhi nazituma, nilikosea sana kuzikalia na nitawaomba radhi. Ila ya kwangu je? Nitoe tu huku moyo unakataa, au niseme ukweli kwenye grupu kwamba mimi sichangi na uhazina wampe mwingine? Mke wangu anasema nitoe elfu ishirini niandikishe kwa jina la mama. Nikifanya hivyo nitakuwa nimetoa kweli, au nitakuwa nimejificha nyuma ya mama yangu?