Mjadala wa Coltrane: Jumamosi saa 10 jioni

Wapenzi wa jazi, habari zenu. Ubishi kuhusu mpiga saksafoni John Coltrane, kama muziki wake wa baadaye ni jazi bora au kelele tu, umeshatunyima usingizi, basi tuumalize kwa sauti: Jumamosi hii, saa 10 jioni, kwa simu ya kikundi.

1. Kabla ya siku hiyo sikilizeni albamu zake mbili: Giant Steps (1960) na Ascension, iliyorekodiwa 1965. Hiyo ya pili ina wapulizaji saba kwa karibu dakika 40. Anayeiita kelele aimalize kwanza!

2. Kila mmoja aje na kipande kimoja cha kutetea hoja yake, kisizidi dakika 5.

3. Anahitajika mshika saa. Mimi siwezi, nina upande.

Mashabiki wa Sonny Rollins, mpiga saksafoni mwingine, zamu yenu inakuja.

Tafadhali thibitisheni kabla ya Alhamisi usiku: andika "nipo" na upande wako.